Ndimu na sukari, mabakuli mawili

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: katika harusi yako, ni jambo gani ulilifanya kwa mkono wako mwenyewe, na je, ungelirudia? Mimi nilifanya maua. Au tuseme niliyapanga, maana mkono wangu, kama mtakavyoona, haukugusa hata ua moja tangu Alhamisi usiku mpaka Jumamosi alasiri.

Niliolewa Tanga, Desemba 2021. Kikao cha pili cha kamati, mpambaji aliyeletwa na mjomba alitaja shilingi 1,200,000 kwa ukumbi na meza. Akafungua picha kwenye simu, na mimi nikayatambua maua yenyewe: mawaridi ya kitambaa, ya zambarau, niliyoyaona kwenye harusi ya binamu yangu mwezi wa nane, na kwa jirani kabla ya hapo. Sina ugomvi na maua ya kukodi. Hayanyauki, hayadai maji, na mpambaji naye ana watoto wa kusomesha. Ila nimekulia nyumba yenye mwasumini mlangoni, nikaona haya kutolewa nje mbele ya wageni katikati ya vitambaa. Nikasema nitayafanya mwenyewe. Mjomba, ambaye ndiye mwenyekiti, akaniangalia kama mtu aliyesema atachinja ng'ombe wa shughuli peke yake. "Haya mama," akasema, "ila fungu lako ni laki nne. Zikiisha usitufuate."

Nikachukua daftari. Meza za wageni 12, mawaridi 9 kila meza. Meza kuu makopo mawili makubwa, mawaridi 25 kila moja. Shada langu la mkononi, 20. Jumla 178, na ukiongeza yatakayovunjika njiani unafika 200, yaani vifungu 10 vya mashina 20. Hesabu hii nilimwonyesha dada mmoja aliyeolewa mwaka huo akacheka, kwa sababu yeye alinunua "mengi tu" na yakamwishia meza ya saba.

Sasa, mawaridi yanatoka wapi? Tanga joto halituruhusu. Yanatoka Arusha, chini ya Mlima Meru, upande wa Usa River, ambako kuna mashamba yaliyofunikwa kwa nailoni na mavuno yake mengi huuzwa nje ya nchi. Kwenye biashara ile shina hupimwa kwa rula: sentimita 40, 50, 60, na likizidi urefu ndivyo bei inavyopanda. Mafupi na yaliyopinda kidogo hubaki kwetu. Nikajiuliza, kopo langu lina kimo cha sentimita 16, shina la 60 nitalifanyia nini zaidi ya kulikata? Binamu yangu anayesoma Arusha akanitafutia mafupi kwa shilingi 500 shina. Bibi harusi anayelipia urefu ambao ataukata kwa mkasi, huyo sijui nimwite nani.

Makopo yenyewe ni ya maziwa ya unga. Tuliyakusanya miezi mitatu mtaa mzima, na bibi akayavisha ukili, ule msuko wa miaa, mpana wa vidole vinne, akashona kwa sindano ya mikeka. Ndani tulikunja waya wa kuku uwe kama kiota, shina likiingia linashikwa na vitundu viwili vitatu na halichezi. Wapambaji wengi hutumia ile sponji ya kijani. Ni plastiki, haiozi, na ukichomeka shina ukalichomoa, tundu halizibi. Waya unakusamehe.

Wiki tatu kabla nilifanya kopo moja la majaribio kwa maua ya uani na majani ya mnazi, saa ikiwa mbele yangu. Dakika 25. Mara 14, karibu saa sita za mtu mmoja asiyeinuka kwenda hata chooni. Siku hiyohiyo nikajua pia kwamba bogonvilia, ambayo Tanga imejaa kila ukuta, haifai. Ukiikata, kabla hujamaliza chai imeshalala. Nikaifuta.

Basi lilitoka Arusha Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, likaingia stendi ya Kange saa nane mchana. Binamu alinipigia mara mbili kunihakikishia kwamba sanduku halikuwekwa kwenye buti, liko nyuma ya kiti cha kondakta. Buti la basi mwezi wa Desemba, kutoka Same mpaka Mombo, ni tanuri. Tulipolifungua, magazeti ya kuzungushia mashina yalikuwa bado na unyevu. Mawaridi yalikuwa yamefumba kama ngumi ya mtoto, na ndivyo yanavyotakiwa, kwani yakifika yamefunguka, Jumamosi utapamba meza kwa shina na kikonyo.

Wadogo zangu wakayavua majani ya chini kwa kitambaa kizito, kwa sababu ya miiba na kwa sababu jani likizama majini huoza na kuchafua ndoo nzima. Kila shina likakatwa upya mshazari na kutiwa maji papo hapo. Kumi na moja yalikuwa yameinamisha shingo. Mama alitaka kuyatupa. Hewa huwa imeingia kwenye shina na maji hayapandi. Tukayakata tena, tukayalaza mazima kwenye beseni la kufulia, kichwa na shina, chini ya maji. Baada ya saa moja na kitu tisa yalikuwa yamesimama. Mama alikuwa anaita majirani waje kuona.

Na hapo ndipo mpango wangu ulipogonga ukuta ambao ningepaswa kuuona toka mwanzo. Saa moja usiku akaingia mpakaji wa hina.

Hina hukolea vizuri baada ya siku mbili hivi, kwa hiyo ya harusi ya Jumamosi inapakwa Alhamisi. Ikishapakwa, maji mwiko mpaka kesho yake usiku. Na mawaridi ya harusi ya Jumamosi, kwa joto letu, nayo siku yake ni Alhamisi: yakija Jumatano yatafunguka mapema, yakija Ijumaa hayapati muda wa kunywa. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye daftari, mpaka nauli ya bodaboda ya kutoka Kange, lakini sikuandika kwamba mikono itakayofanya kazi ndiyo hiyohiyo itakayopakwa hina. Nikamwomba mpakaji anichoree piko, ile rangi nyeusi, badala yake, inakauka haraka. Bibi hata hakunijibu, aliniangalia tu.

Basi nikakaa. Na nikiwa nimekaa, mikono imeinuliwa kama mtu aliyekamatwa na polisi, nikaona kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nacheka peke yangu. Bibi alikuwa chini, na mabakuli mawili mbele yake. La kwanza lilikuwa na ndimu na sukari, anachovya pamba na kuigusisha juu ya hina yangu isipukutike ikikauka. La pili pia lilikuwa na ndimu na sukari. Hilo lilikuwa la ndoo za mawaridi.

Sukari inalilisha ua lililotengwa na majani yake, ukali wa ndimu unayasaidia maji kupanda shinani. Mimi nilikuwa nimesoma kijiko kimoja cha chai cha sukari na nusu ndimu kwa lita. Bibi alipima kwa jicho na hakukosea sana, ila sukari aliibania, anasema maua hayaendi kunywa chai. Kinachobaki ni jiki, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 10, kwa sababu sukari peke yake inawalisha hata wadudu wa majini wanaoziba shina. Itie jiki kwenye ndoo iliyokwisha kujaa maji. Usiichanganye na ndimu ikiwa bado haijazimuliwa, maana hutoa hewa ya sumu, na nyumba yenye shughuli ina watoto kila kona.

Ijumaa binamu zangu wanne walifunga makopo yote 14, mimi nikiwa juu ya mkeka naelekeza kwa kidevu. Hilo refu lisogee. Geuza. Hapana, upande mwingine. Mmoja akaniambia kama ningekuwa na mikono tungemaliza kesho, maana ningefumua kila kopo. Sikumbishia.

Hasara ilikuwa moja, na ni yangu. Binamu wa Arusha alikuwa ameongeza vifungu vitatu vya karnesheni nyeupe, zawadi. Chumba cha wageni kilikuwa kimejaa ndoo za mawaridi, nikasema karnesheni zikae stoo, kuna baridi kidogo. Stoo kulikuwa na mikungu minne ya ndizi za shughuli, mbivu. Ijumaa asubuhi karnesheni zote zilikuwa zimekunja petali ndani kama zimelala, na hazikuamka tena. Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo ndiyo inayoyaivisha na mengine yaliyo jirani, na karnesheni ni dhaifu mno kwa gesi hiyo. Nyumba ya harusi ya kwetu haikosi ndizi, kwa hiyo neno hili naomba mlichape: maua na ndizi wasilale chumba kimoja.

Asumini nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo iliyopanga ratiba yote, mimi niliifuata tu. Waridi utalibembeleza kwa sukari likakungoja siku mbili. Asumini hufunguka magharibi na kufikia asubuhi imegeuka rangi ya chai. Ukiichuma mapema inabaki ndogo, ngumu, na usiku haina harufu. Ukichelewa imeshafunguka, na haitungiki bila kuchanika. Tulikuwa tumeomba miti ya nyumba nne za mtaani, na watoto wakatumwa Jumamosi saa tisa na nusu alasiri na agizo la bibi: chukueni zilizojaa, nyeupe tupu, mdomo umefumba, vidole vikavu, msiziminye. Zikaja zimefungwa kwenye majani ya mgomba, baridi, kama samaki wadogo.

Wakatunga watu watatu. Uzi mweupe mara mbili, sindano nyembamba inaingia kwenye kikonyo, katikati ya kijibomba kile cha kijani, si kwenye ua. Ukilichoma ua linapata alama ya kahawia kabla ya isha. Koja la kichwani peke yake lilikula zaidi ya asumini 200. Zilizobaki zikaingia kwenye vikuba, vile vishada vya kunukia, pamoja na mrehani, langilangi na vipande vya mkadi, kimoja kwa kila mama wa pande zote mbili. Vilua, maua mengine ya kunukia, tulivitafuta tukavikosa. Hina yangu ilikuwa imekolea, mikono iko huru, nikanyakua sindano nitunge nami. Nilitunga tatu. Somo wangu, mama aliyenifunda, akaniondoa, nguo zilikuwa zinasubiri.

Niliwekewa koja likiwa bado limefumba, shanga tupu, halinukii chochote, nikawa na wasiwasi. Nilitolewa nje saa mbili kasoro. Ukumbi una feni, wimbo umeanza, natembea nimeinamisha macho kama nilivyofunzwa, na katikati ya njia ndipo nikaisikia harufu ikishuka juu ya paji langu. Zilikuwa zinafunguka juu ya kichwa changu. Mawaridi mezani yalikuwa mazuri, watu waliyapiga picha, lakini hakuna aliyeniuliza habari za mawaridi baadaye.

Fedha: mawaridi 100,000, basi na sanduku 20,000, waya 12,000, ukili 36,000, asumini na vya vikuba 25,000, chakula cha wasichana siku mbili 60,000. Jumla 253,000. Chenji nilimkabidhi mjomba mbele ya kikao cha kuvunja kamati, akaihesabu mara mbili.

Ningerudia? Ndiyo, ila daftari la safari hii lingekuwa na ukurasa wa kwanza wenye majina ya watu, mmoja mmoja, na saa zao, kabla ya idadi ya mawaridi. Bibi harusi wa pwani hawezi kufunga maua yake mwenyewe Ijumaa, hina haimruhusu. Anayetaka kuniambia apake hina ya Jumanne akaongee na bibi yangu.

Makopo yaliwekwa chini ya kitanda cha mama. Binti wa jirani alipoolewa aliyaazima kumi, akarudisha tisa. La kumi nimeliona dukani kwao, limewekwa kalamu.

Msomaji wenu, Tanga