Kukagua mradi wa nyumba za mlimani: anza na maji

Mkuu, umesema kamati yenu imekabidhiwa ripoti ya mazingira na michoro ya nyumba zitakazojengwa kwenye mteremko ulio juu yenu, na hamjui mshike wapi. Mimi ni mhandisi wa udongo, makabrasha ya aina hiyo nimeyapitia mengi. Ripoti nene iweke kando kwanza. Mara nyingi kurasa zake za ndege na miti zimenakiliwa kutoka ripoti nyingine. Fungua mchoro wa mitaro ya mvua.

Fuata kila mtaro kwa kidole mpaka unapoishia. Kuna mchoro niliurudisha kwa sababu mitaro ilipangwa vizuri hadi mpaka wa kiwanja, halafu pakawekwa kimshale kuelekea bondeni. Basi! Bondeni kuna watu. Bati na lami havinywi maji, kwa hiyo mvua iliyokuwa ikizama taratibu kwenye nyasi sasa itashuka yote kwa mkupuo. Mwenye mradi aoneshe kwa hesabu maji yanakwenda wapi, na kama kuna bwawa la kuyapunguza kasi, lichimbwe kabla ya nyumba ya kwanza kuinuka.

Nang'ang'ania maji kwa sababu udongo ukishiba, maji husukuma punje zisibanane na mshikamano unapungua. Nchini Malaysia, Desemba 11, 1993, jengo moja la makazi ya Highland Towers, la ghorofa 12, lilianguka baada ya mvua za siku nyingi, wakafa watu 48. Mteremko wa nyuma yake ndio ulioporomoka, kuta za kuzuia udongo zikashindwa, na sehemu ya mteremko huo ilikuwa ardhi ya mmiliki mwingine. Kwa hiyo msikubali ukaguzi unaokomea kwenye bikoni (alama za mipaka) za kiwanja. Ulizeni huko juu kuna nini, na maji yake yanapita wapi.

Kwenye ripoti ya udongo, angalia mashimo ya vipimo yalichimbwa wapi. Mara nyingi yapo pale mashine ilipofika kwa urahisi, yaani penye tambarare, si penye mwinuko mkali. Angalia pia kina cha maji ya ardhini kilipimwa mwezi gani. Kipimo cha kiangazi peke yake hakiwasaidii. Wahandisi wengi hutaka nguvu za kuushikilia mteremko zizidi zile zinazousukuma kwa angalau mara 1.5, lakini namba hiyo ina maana tu kama hesabu imefanywa maji yakiwa juu kama wakati wa masika.

Kifusi ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi. Udongo unaokatwa juu husukumwa chini na katapila ili kupata uwanja wa kujengea. Kama hawakukata ngazi kwenye ardhi ya asili kwanza, wakajaza tabaka za sentimita 20 hadi 30 na kushindilia kila tabaka kwa vipimo, nyumba itakayokaa nusu kwenye ardhi ngumu na nusu kwenye kifusi itapasuka katikati. Kuta za kuzuia udongo nazo lazima ziwe na matundu ya kutolea maji. Nimeona fundi akiyapiga plasta eti ukuta upendeze.

Kuna mdau amesema miti inatosha kuzuia maporomoko. Hapana. Mizizi hushika udongo wa juu. Poromoko la kina kirefu hupita chini yake na kuondoka na miti yenyewe. Kama kila nyumba itakuwa na shimo lake la maji taka, hiyo ni mvua ya mwaka mzima ndani ya mlima, wawekewe bomba la pamoja. Barabara iwe na upana na mwinuko ambao gari la zimamoto litaumudu, na njia ya pili ya kutokea.

La mwisho, ulizeni nyumba zikishauzwa zote, nani atazibua mitaro na kwa fedha ipi. Jibu liandikwe ndani ya kibali kama sharti. La mdomoni mkutanoni msilipokee.