Mkoba wa mekapu wa bibi harusi anayepambwa nyumbani, Lamu

Dada yangu, hongera kwa kuposwa, na Mwenyezi Mungu akutimizie. Umesema unakaa Malindi, harusi itakuwa Lamu kwa wajomba zako wakati wa kaskazi, msimu wetu wa joto, na mpambaji uliyemuuliza amekutajia bei usiyoiweza. Sasa unataka kujua ni vitu gani ununue ili mdogo wako akupambe nyumbani, na kama ununue mapema au ungoje wiki ya harusi. Mimi ni wa Lamu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapamba ndugu na majirani bila ya kuifanya kuwa kazi ya kunilisha, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona yakishika usoni na yale niliyoyaona yakitiririka.

Kabla ya kununua chochote, panga saa zako. Nikahi wataifunga wanaume msikitini nawe utakuwa ndani. Watu watakuona kwenye kupamba, yaani sherehe ya wanawake ya kumtoa bibi harusi, usiku, na aghalabu bibi harusi hatolewi mpaka saa nne au zaidi. Wengi huanza kupakwa saa kumi alasiri kwa hofu ya kuchelewa, na matokeo yake uso unakaa katika joto saa chungu nzima kabla ya kuonekana na mtu yeyote. Tena bibi harusi huyo ama atazikosa Magharibi na Isha kwa wakati wake, ama atalazimika kuosha kila kitu, kwa sababu vipodozi visivyopitisha maji huzuia maji ya udhu kufika kwenye ngozi. Rangi ya kucha nayo ni vivyo hivyo. Hina haizuii, kwani ni rangi iliyoingia ndani ya ngozi wala haiachi utando juu yake. Ushauri wangu ni kuwa nywele, nguo na vito vimalizwe mchana, usali Isha mara inapoingia, kisha ndipo ukae kitini. Saa moja na nusu inamtosha mtu aliyekwisha kufanya mazoezi. Ukipanga hivyo hutahitaji mekapu ya kukaa kutwa kucha, na hapo gharama ya mkoba wako inashuka sana.

Sehemu kubwa ya pesa zako iende kwenye faundesheni, ile rangi ya ngozi ya kulainisha uso, na poda, yaani vitu vinavyokaa uso mzima. Rangi za macho na za midomo zinaweza kuwa za bei ndogo na hakuna atakayejua. Chagua faundesheni isiyo na mafuta, inayokauka bila kung'aa, kwa sababu unyevu wa hewa yetu utakung'arisha wenyewe hata usipotaka. Zamani taabu yetu ilikuwa kukosa rangi za ngozi zetu madukani. Iman, mwanamitindo wa Kisomali aliyewahi kujichanganyia rangi zake mwenyewe kwa sababu wapambaji hawakuwa nazo, alianzisha kampuni yake mwaka 1994, na Fenty Beauty, kampuni ya vipodozi ya mwanamuziki Rihanna, ilipotoka mwaka 2017 ikiwa na rangi 40 za faundesheni, kampuni nyingine nyingi zililazimika kuongeza zao. Leo rangi zipo hata katika chupa za bei ya chini, na kazi iliyobaki ni ya kuchagua.

Kuchagua kwenyewe nitakueleza kwa urefu, kwani hapa ndipo harusi nyingi huharibika. Usijaribie rangi mgongoni mwa kiganja, maana mkono na uso havina rangi moja. Paka mistari mitatu myembamba ya rangi tatu zinazokaribiana, kuanzia kwenye taya kushuka shingoni, kisha toka chumbani. Nyumba zetu za mawe zina giza ndani, na mtu akijitazama kwenye kioo cha chumbani hata rangi isiyomfaa humridhisha. Simama uani, au kwenye daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni, ukiwa umejitanda, mahali ambapo mwanga wa mchana unakufikia bila ya jua lenyewe kukupiga. Ngoja robo saa, kwa sababu faundesheni nyingi huiva na kuwa nyeusi kidogo zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi. Mstari ambao mdogo wako atautafuta asiuone ndio wako. Wakikwambia uchukue rangi nyeupe zaidi ili "ung'ae", usiwasikilize hata wakiwa ni mashangazi. Uso mweupe juu ya shingo ya maji ya kunde hauna dawa, na kilemba cha dhahabu kitauonyesha zaidi.

Poda ina mtego wake. Ile nyeupe ambayo husemwa haina rangi, na ambayo kiungo chake kikubwa ni silika, huonekana safi kabisa kwa macho, lakini hurudisha mwanga wa flashi, na picha hutoka na weupe wa majivu chini ya macho na juu ya pua. Mafuta ya kujikinga na jua yenye zinki oksidi au titani dioksidi yanaweza kuleta weupe huo huo. Harusi yako ni ya usiku, jua halipo, kwa hiyo mafuta hayo yaache jioni hiyo, na poda ununue yenye rangi ya ngozi yako. Njia ya kujihakikishia ni nyepesi: mdogo wako azime taa na akupige picha ya simu kwa flashi. Kama uso umetoka sawa na shingo, umepona.

Upakaji wenyewe uwe wa matabaka membamba. Losheni nyepesi ya uso itangulie na iachwe ikauke. Praima ya kuzuia mafuta, yaani krimu inayotangulia faundesheni, ipakwe kwenye paji la uso, pua na kidevu tu. Kisha faundesheni kidogo igongwegongwe kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa, isisuguliwe. Konsila, rangi nzito ya kufichia madoa, iende chini ya macho na penye madoa hayo, na poda ikandamizwe mahali panapotoka jasho. Tabaka moja nene halidumu, kwani jasho likianza hupasuka kwenye mikunjo ya pua na kando ya midomo. Sprei ya kushikiza mekapu ni nzuri, lakini ninaihesabu miongoni mwa vitu vya kununua ukibakiwa na pesa.

Kwenye macho, jambo la lazima ni maskara, rangi ya kope, isiyopitisha maji, kwa sababu utalia. Hata wale walioapa kuwa hawatalia nimewaona wakilia mama anapowakumbatia. Wanja uwe wa penseli au wa jeli, nao usiopitisha maji. Ule wanja wa unga unaouzwa bila lebo ninaujua na bibi zetu waliutumia, lakini baadhi yake husagwa kutokana na galena, ambalo ni jiwe lenye madini ya risasi, na risasi ni sumu. Mimi siutii tena ndani ya jicho la mtu. Kope za bandia za bei rahisi zinafaa, mradi gundi iwe nzuri. Gundi nyingi zina lateksi ambayo huwawasha baadhi ya watu, kwa hiyo ijaribu mapema, na siku ya kubandika mdogo wako aingoje kama nusu dakika mpaka ianze kunata, kwani ikiwa bado mbichi itateleza na jasho. Nyusi, ikiwa nawe huzichongi kwa sababu ya dini, hazihitaji zaidi ya jeli isiyo na rangi ya kuzilaza na penseli ya kujazia mapengo. Rangi za juu ya macho zikiwa nne zinatosha: ya kahawia, ya udongo, ya dhahabu na nyeusi. Midomo ipate penseli na rangi ya maji inayokauka, na rangi ya mashavu ichukuliwe kutoka kwenye jamii hiyo hiyo ya rangi.

Vyombo si vingi: sponji mbili, brashi kubwa ya poda, brashi ndogo mbili za macho, kibanio cha kope, kichongeo cha penseli, vijiti vya pamba, tishu, pini na kioo cha mkono. Ongeza taa ya kuchaji yenye mwanga mweupe, kwa sababu umeme hukatika usiku ule ule unapouhitaji, na mwanga wa manjano wa kandili humfanya mpakaji aongeze rangi ya mashavu kupita kiasi.

Kuna vitu viwili ambavyo sitaki uviweke katika mkoba huo, hata ukipewa bure. Cha kwanza ni mkorogo na krimu za kujichubua zinazouzwa kwa ahadi ya kukung'arisha kabla ya harusi. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya, na zebaki huathiri figo na mishipa ya fahamu. Na tukiiacha hata hiyo hatari, ngozi iliyochubuliwa huwa nyembamba na nyekundu na haishiki faundesheni. Singo na liwa, vile vya asili vya kusugulia mwili, alivyokufundisha somo wako, yaani kungwi wako, vinatosha, ila kusinga kwa mwisho kuwe angalau siku mbili kabla, ili ngozi itulie. Cha pili ni piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini, iliyochanganywa na rangi ya nywele. Weusi wake hutokana na kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo ikikaa juu ya ngozi inaweza kuleta malengelenge na makovu, na mtu aliyedhurika nayo mara moja anaweza kudhurika tena kila atakapogusa rangi nyeusi ya nywele maisha yake yote. Niliwahi kumpamba bibi harusi mmoja aliyetiwa piko kwenye nyusi ili zikolee, na usiku wa kupamba kope zake zilikuwa zimevimba hata wanja haukupata pa kukaa. Hina ya majani iwekwe siku mbili kabla, kwani huanza na rangi ya machungwa na hukolea polepole.

Sasa swali lako la pili. Nunua mapema, miezi miwili kabla ukiweza, tena nunua ukiwa huko Malindi au Mombasa, maana Lamu maduka ni machache na rangi yako inaweza kuwa imekwisha siku unapoitaka. Angalia kizibo kiwe hakijafunguliwa, tarehe ya mwisho isomeke, na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iwepo. Namba iliyo kwenye alama hiyo inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Kila kitu kipya kipake kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, na usubiri siku mbili uone kama kutatokea upele. Ukisafiri, mkoba ukae nawe kitini, usiutie kwenye buti la basi, kwa sababu joto la njiani mpaka Mokowe, kwenye gati ya kupandia boti, linayeyusha rangi ya mdomo na kuzitenga faundesheni. Na kwenye boti ufunge ndani ya mfuko wa plastiki mzito, maana kaskazi ikivuma maji huruka.

Mazoezi nayo usiyaache. Mdogo wako akupambe kikamilifu usiku, uvae mtandio utakaouvaa, kisha mkae chumbani bila feni kwa muda wa saa mbili mkizungumza. Hapo ndipo mtajua ni wapi panapoyeyuka, kama mtandio unachukua rangi ya mashavu, na kama mkono wake ni mwepesi au mzito. Iwapo hata baada ya mazoezi kadhaa kope bado zinamshinda, ziacheni. Maskara ya matabaka mawili ni bora kuliko kope iliyopinda.

Ukishatolewa, mdogo wako au somo akae karibu na jukwaa na mfuko mdogo wenye tishu, karatasi za kufyonza mafuta, poda ya kukandamiza, rangi ya mdomo, vijiti vya pamba na gundi ya kope. Mwambieni mapema kuwa jasho hufyonzwa kwanza kwa kugusa tu, ndipo poda iguswe juu yake, kwa sababu poda ikikutana na jasho hufanya madonge ambayo hayatoki ila kwa kufuta uso mzima. Machozi nayo yapokelewe na ncha ya tishu iliyokunjwa, chini ya kope, kabla hayajafika shavuni.

Watu wengi husahau kununua cha kutolea mekapu, kisha bibi harusi akasugua uso kwa sabuni usiku kucha. Mafuta ya nazi yanafanya kazi hiyo vizuri: yapake juu ya uso ukiwa mkavu, loweka kope za bandia kwa pamba yenye mafuta mpaka gundi ilegee, futa kwa kitambaa laini, halafu osha kwa sabuni ya uso, kwani mafuta yakiachwa yanaweza kuziba vitundu vya ngozi. Vitakavyobaki utavitumia kwenye fungate na Idi. Maskara tu usiikae nayo zaidi ya miezi mitatu baada ya kuifungua, wala usimwazime mtu, hata dada yako, kwa sababu maradhi ya macho huhama kwa brashi yake.