Maswali yenu kuhusu Dijksterhuis

Safu iliyopita nilimtaja kwa kupita tu E. J. Dijksterhuis, mwanahistoria wa sayansi wa Uholanzi. Kumbe wengi mlitaka zaidi.

Alikuwa profesa wa chuo gani?

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hakuwa profesa. Alizaliwa Tilburg mwaka 1892, akasomea hisabati Groningen, kisha akarudi Tilburg kufundisha sekondari kuanzia 1919 hadi 1953. Utrecht ilimpa uprofesa akiwa amekwishatimiza miaka 60, na Leiden ikafuata. Vitabu vilivyomjengea jina alikwishaviandika akiwa bado mwalimu wa sekondari. Walimu mnaosahihisha madaftari usiku mtanielewa.

Kitabu chake kikubwa kinadai ulimwengu ni mashine?

Hapana, ingawa jina lake linapotosha. *De mechanisering van het wereldbeeld* (1950), yaani "Kugeuzwa kwa taswira ya ulimwengu kuwa ya kimashine", kinafuata safari ya fizikia kutoka kwa Wagiriki hadi Newton. Msomaji anatarajia saa na magurudumu yenye meno. Lakini mashine ina aliyeitengeneza na kazi aliyoikusudia, ilhali fizikia mpya iliacha kabisa kuuliza makusudi ya vitu. Aristotle alisema jiwe huanguka kwa sababu linarudi mahali pake pa asili. Galileo aliliweka swali hilo kando akauliza: linaanguka umbali gani, kwa muda gani? Sekunde moja, karibu mita 5; sekunde mbili, karibu mita 20. Umbali unakwenda kwa mraba wa muda. Hoja ya Dijksterhuis ni kwamba mekanika, yaani elimu ya mwendo na nguvu, haikuazima hisabati kama fundi anavyoazima nyundo; dhana zake zenyewe ziligeuka kuwa za kihisabati. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa kitabu chote, naye anapafikia mwishoni kabisa, baada ya kumchosha msomaji mvivu.

Kwa hiyo sayansi ilianza na Galileo?

Asingekubali. Anawapa nafasi kubwa wasomi wa Paris wa karne ya 14, kina Buridan na Oresme, waliomtangulia Galileo kwa muda mrefu.

Mbona aliandika kitabu kizima juu ya Simon Stevin?

Kwa sababu Stevin anastahili! Alikuwa mwanahisabati na mhandisi, aliyezaliwa Bruges, katika Ubelgiji ya leo, mwaka 1548. Mwaka 1585 alichapisha kijitabu cha kueleza desimali kwa watu wa kawaida: wapima ardhi, wafanyabiashara. Yeye na mwenzake waliangusha vipande viwili vya risasi (madini, si ya bunduki), kimoja kizito mara kumi kuliko kingine, na mshindo ukasikika kama mmoja. Tena aliamini sayansi iandikwe kwa lugha ya watu wake, Kiholanzi. Waholanzi mpaka leo huita hisabati *wiskunde*, neno lililotokana na msamiati wake, wakati majirani zao wengi wanatumia neno la Kigiriki. Sisi tunaobishana kila siku juu ya istilahi za Kiswahili tungemwelewa haraka.

Nimesoma kwamba alipewa tuzo ya fasihi. Si kosa hilo?

Si kosa. Kitabu kile cha 1950 kilimpatia Tuzo ya P.C. Hooft, tuzo kubwa ya fasihi ya Kiholanzi. Nishani ya Sarton, ya wanahistoria wa sayansi, ilikuja 1962, miaka mitatu kabla hajafariki.

Kiholanzi sikijui. Nianzie wapi?

Tafsiri ya Kiingereza ipo tangu 1961. Usianze na ukurasa wa kwanza. Ruka hadi kwa Galileo, halafu ndipo urudi kwa Wagiriki.