Mbona litiamu iko kwenye pegmatiti (mwamba unaoganda mwishoni kabisa kutoka magma ya graniti) na si kwenye graniti ya kawaida?

Uliyeuliza kuhusu litiamu na koltani (madini yenye tantalumu) za Manono, kule Kongo: kwa kifupi, ni mabaki. Magma ya graniti ikipoa haigandi yote kwa mpigo, na kila fuwele inayoota ina uchaguzi wake. Plajioklasi, aina ya feldspa yenye kalsiamu, hupokea strontiamu vizuri tu, kwa kuwa ioni yake ina chaji sawa na ya kalsiamu na ukubwa unakaribiana, basi inakaa kiti cha kalsiamu bila fujo. Litiamu ni ndogo mno, tantalumu ina chaji kubwa mno (5+). Feldspa na kwatzi, madini makuu ya graniti, hazina pa kuziweka, kwa hiyo litiamu na tantalumu zinabaki kwenye ujiuji, yaani magma ambayo bado haijaganda.

Piga hesabu. Chukua elementi ambayo mgawo wake kati ya fuwele na ujiuji (kiwango chake ndani ya fuwele kikigawanywa kwa kiwango chake kwenye ujiuji) ni 0.1. Asilimia 90 ya magma ikishaganda, fuwele zikijitenga kadiri zinavyoota, ujiuji uliobaki una karibu mara 8 ya kiwango cha mwanzo. Yenye mgawo wa 2 imeshuka hadi sehemu ya kumi. Huo ujiuji wa mwisho, wenye maji mengi, ndio unaopenya kwenye nyufa na kuganda kuwa pegmatiti.

Ila angalia maika, madini mengine ya graniti, hiyo huvuruga hesabu kwa sababu hunyonya litiamu kiasi. Na zirkoni, madini ya punje ndogo tu, hupokea urani na kuikataa risasi (ile metali), kwa hiyo risasi iliyomo baadaye imetokana na urani iliyogeuka polepole. Tabia hiyo ndiyo inayotuwezesha kuitumia kupima umri wa mwamba.