Begi lisiloingiza maji na kuvu ya Kivu

SWALI: Fundi wa kamera, jambo. Ninapiga picha hapa Bukavu, zaidi harusi na kazi za mashirika. Nina kamera moja, lenzi ya 24-70 na ya 70-200, na kompyuta ya inchi 14. Kila siku niko juu ya pikipiki kati ya Nguba na Kadutu, na mara mbili kwa mwezi napanda boti kwenda Goma. Nimeona mabegi mawili ya mgongoni. La kwanza ni dola 85. Muuzaji anaapa kwamba haliingizi maji hata tone, na alilimwagia chupa nzima mbele ya macho yangu. La pili ni dola 60, kitambaa cha kawaida, lakini lina kifuniko cha mvua cha kulivalisha. Natafuta begi moja la kukaa na vyombo vyangu mchana na usiku, kazini na safarini. Nichukue lipi? (Mpiga picha, Nguba)

JIBU: Mdogo wangu, chukua la dola 60. Hizo dola 25 zitakazobaki nitakuambia pa kuzipeleka, na si kwangu.

Kilichonifanya niache kazi mezani nikujibu si bei. Ni neno lako moja: "usiku". Nitalirudia, maana ndilo linalonijazia meza. Kwanza tumalizane na chupa.

Hiyo chupa ni mchezo wa sokoni. Nailoni nyingi za mabegi zikiwa mpya huwa zimepakwa dawa inayofanya maji yajiviringe kama shanga na kuanguka. Sekunde kumi zinapita, kitambaa kikavu, muuzaji anatabasamu, mteja anahesabu pesa. Mvua ya hapa ya mwezi wa nne haidumu sekunde kumi, na wewe utakuwa nyuma ya motari wa pikipiki, maji yanashuka shingoni na kupita katikati ya mgongo wako na begi. Siku nyingine mwombe muuzaji akuruhusu uligeuze begi ndani nje. Tazama mishono. Kama huoni utepe uliobandikwa juu ya nyuzi, kila tundu la sindano ni mlango. Zipu nazo ni hivyo hivyo. Ile yenye mpira mwembamba juu yake huyachelewesha maji, haiyazuii. Zipu isiyopitisha maji kweli ni ngumu, unaivuta kwa nguvu ya mkono mzima, na kwa dola 85 ni nadra kupewa begi lenye zipu ya namna hiyo.

Kwa hiyo hilo la dola 85, uwezekano mkubwa ni begi la kawaida lenye maneno mengi.

Lakini tuseme muuzaji hakusema uongo, maji hayaingii kweli. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu begi lisilopitisha maji kuingia halipitishi unyevu kutoka. Fikiria jioni ya harusi. Umelowa, mkanda wa kamera umelowa kwa jasho, kitambaa cha kufutia lenzi umekifutia mvua. Unavitia vyote ndani, unavuta zipu hadi mwisho, unalisukuma begi chini ya kitanda juu ya saruji, unalala. Asubuhi mle ndani ni kama shimo walimovundika ndizi za pombe ya kasiksi. Na wiki hiyo kama hakuna kazi, begi halifunguliwi hadi Jumamosi nyingine. Sponji ya vyumba vya ndani ikishanywa maji, kukauka kwake ndani ya begi lililofungwa sahau.

Mwezi uliopita nililetewa lenzi ya milimita 50. Mwenyewe analalamika kwamba picha zake zimekuwa kama zimepigwa nyuma ya chandarua. Nilipofungua zipu ya begi, kabla ya kuona kitu nilisikia harufu ya muhogo uliolowekwa siku tatu. Nikafungua diafragma yote, lile tundu la mwanga ndani ya lenzi, nikamulika tochi ya simu kutoka nyuma ya lenzi, nikatazama kwa mbele kwa pembe kidogo. Kwenye kioo cha pili kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba zinazotawanyika kutoka mahali pamoja, kama mizizi ya kitunguu. Hiyo ndiyo kuvu. Nikamwonyesha. Jibu lake: "Lakini fundi, begi langu haliingizi maji!" Nalisikia jibu hilo hadi nimechoka. Kati ya Kivu na kuvu ni herufi moja tu, ndugu zangu, na sisi tunaishi katikati yake.

Kuvu haihitaji maji ya kumwagika. Inatosha hewa yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 60 kwa majuma kadhaa, giza, hewa isiyotembea, na vumbi kidogo au alama ya kidole cha kula. Begi lililofungwa linaipa vyote. Ikikaa muda mrefu hutoa asidi inayokula rangi ile ya kioo, ya zambarau au kijani unayoiona ukiigeuza lenzi kwenye mwanga. Mimi naweza kuifuta kuvu. Alama iliyochimbwa kwenye kioo siwezi.

Basi zile dola 25. Nunua sanduku la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, la kuwekea chakula linatosha, pamoja na gramu mia mbili au tatu za silika yenye rangi (chembe zinazonyonya unyevu) na kipima unyevu kidogo cha dola chache. Kila jioni, kamera na lenzi zinatoka ndani ya begi, zinafutwa, zinaingia sandukuni. Sindano ya kipimo ikae kati ya 40 na 50. Usishindane kuishusha chini ya 30, mipira na mafuta ya ndani hayapendi ukavu huo. Silika ikibadilika rangi imeshiba: itandaze kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo sana, au kwenye oveni ya nyuzi 110 hadi 120, saa mbili tatu, itarudi. Begi lenyewe libaki wazi, zipu zote chini, limetundikwa ukutani. Kifuniko cha mvua kitundikwe peke yake. Watu hukikunja kikiwa kimelowa na kukirudisha kwenye mfuko wake chini ya begi, kisha wananiuliza maji yametoka wapi.

Na vile vipakiti vya silika vilivyotoka kwenye maboksi ya viatu, ambavyo kila mtu anavyo kwenye pembe ya begi lake? Silika hubeba takriban theluthi moja ya uzito wake, basi. Kipakiti cha gramu 5 hakifikishi gramu 2 za maji, na kilishajaa siku ulipofungua viatu. Kitoe, utie betri ya akiba mahali pake.

Hilo la dola 60 nalo lipime kabla ya kulipa. Bonyeza sakafu yake kwa dole gumba. Ukiigusa meza kupitia sponji, liache, maana mawe ya barabara zetu yatafika kwenye lenzi kupitia hapo hapo. Lenzi nyingi za 70-200 zina urefu wa sentimita 20 hivi, kwa hiyo nenda nayo dukani uipakie. Tafuta linalofunguka upande wa mgongoni, kwa sababu kwenye foleni ya boti mkono wa mtu haufiki huko, na ukililaza kwenye matope ni uso wa mbele unaochafuka, si mikanda unayovaa. Jina kubwa la kampuni ya kamera mbele ya begi ni tangazo kwa wezi.

Kwenye boti la Goma ndipo neno "haliingizi maji" linapostahili. Nunua mfuko wa mpira wa kukunja mdomo, ule wa watu wa majini. Tia vyombo, acha hewa kidogo ndani, kunja mdomo mara tatu ndipo ufunge. Uweke mapajani, usiuweke sakafuni ambako maji hukusanyika. Ukifika bandarini, toa vyombo. Kazi yake ni masaa hayo, haina nyingine.

Kuna wakati mmoja mwingine wa kuliacha begi limefungwa. Umeshinda asubuhi kwenye baridi ya mlima Kahuzi, kisha umeteremka hadi joto la Uvira: usikimbilie kutoa kamera. Vyuma vyake bado ni baridi na hewa ya kule itatoa jasho juu yake, nje na ndani. Iache ndani ya begi saa nzima ipate joto polepole.

Sasa mafundi wa njiani, maana najua utakutana nao kabla ya kunifikia. Kuna anayesafisha kuvu kwa dawa ya meno, dola 5. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Inaondoa kuvu na ile rangi ya kioo pamoja, na lenzi inarudi inang'aa kama kikombe, lakini ukiielekeza kwenye taa za ukumbi picha nzima inakuwa maziwa. Kuna anayesema uizike kamera kwenye mchele. Mchele huacha unga, na unga wa wanga ndani ya lenzi ni chakula cha kuvu hiyo hiyo uliyotaka kuiua. Mwingine atakuambia uianike lenzi juani mchana kutwa. Grisi ya pete ya fokasi hulainika kwa joto, hutembea hadi kwenye mapanga ya diafragma na kuyagandisha. Mwaka huu peke yake nimefungua lenzi tatu za namna hiyo, zote zilikuja kwangu na shida ndogo ya kuvu ambayo haikuwepo tena, na diafragma iliyokufa.

Usiku wa leo zima taa, mulika lenzi zote mbili kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kwenye mojawapo, itenge na mwenzake, usiipake kitu chochote, uniletee kabla ya harusi ijayo.