Maranda yalivyoninyima mchicha

Mwaka wangu wa kwanza wa bustani nilijiona mjanja. Fundi seremala jirani yetu alikuwa akichoma maranda kila Jumamosi, nikamwomba magunia manne, nikayachanganya na udongo kwa jembe, nikapanda mchicha. Wiki ya tatu mchicha ukadumaa, majani ya chini yakatangulia kugeuka njano. Nikadhani ni kiu. Nikazidisha maji, wala haukubadilika.

Nilipofukua tuta nikakuta kila kipande cha mbao kimefungwa nyuzi nyeupe. Kuvu.

Kuvu inayoozesha mbao ina chakula tele, ila taabu yake ni uhaba wa naitrojeni, kirutubisho ambacho mchicha nao hukihitaji. Ndani ya maranda, kwa kila sehemu moja ya naitrojeni kuna mamia ya sehemu za kaboni. Lundo la mboji linalooza vizuri huanza na kama 30 tu. Basi kuvu huifuata naitrojeni udongoni na kuisafirisha kwa nyuzi zake hadi kwenye mbao. Na ni bahili kweli: uzi ukizeeka, kuvu huuyeyusha, huvuna naitrojeni iliyokuwamo na kuipeleka kwenye ncha zinazokua. Mtaji uleule unazungushwa mpaka gogo liishe. Uyoga wa mamama, huuhuu tunaoukaanga na vitunguu, hunasa hata minyoo isiyoonekana kwa macho na kuifyonza ili kupata naitrojeni. Nilipolijua hilo nilitazama sufuria yangu kwa jicho jingine.

Kwa hiyo mbolea ya mchicha wangu haikupotea, ilikuwa imekopwa. Kuvu ikifa au ikiliwa na vijidudu vya udongoni, naitrojeni hurudi, lakini mchicha hausubiri.

Siku hizi maranda nayatandaza juu ya udongo, siyachimbii. Huko juu kuvu hugombea naitrojeni ya tabaka jembamba tu, mizizi haiguswi sana. Mengine nayalundika na samadi ya kuku, nayalowesha na kuyageuza kwa miezi kadhaa hadi yawe meusi. Uliza kwanza kama mbao zimetiwa dawa ya mchwa. Zilizotiwa usizilete bustanini kabisa. Na kama umeshachanganya kama mimi, weka samadi iliyooza, au panda kunde, maana hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini. Zangu zilistawi kwenye tuta lilelile.

Fundi naye ameacha kuchoma. Sasa ananiuzia.