Jibu la msomaji: Anzeni na kutoka kwenye akaunti

Swali lenu la wiki hii linauliza mwalimu afanye nini ili wanafunzi watumie kompyuta na intaneti darasani kwa usalama na kwa kuwajibika. Jibu langu: achague vitendo vichache, wanafunzi wavifanye kwa mikono yao, na virudiwe kila kipindi hadi viwe mazoea. Karatasi ya makatazo iliyobandikwa mlangoni haitoshi. Mwanafunzi anaweza kuikariri yote, akapata alama zote kwenye jaribio, kisha akatoka chumba cha kompyuta huku barua pepe yake iko wazi kwenye skrini.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kugusa habari za wadukuzi, fundisheni kutoka kwenye akaunti. Katika shule nyingi za sekondari hapa Tanzania, mashine moja hupita mikononi mwa mikondo kadhaa kwa siku. Kipindi ni dakika 40, na kengele ikilia kila mtu anawahi mlango. Wengi hubonyeza alama ya X wakidhani wamemaliza. Kufunga dirisha hakumtoi mtu kwenye akaunti: kivinjari kinabaki na vidakuzi (cookies), yaani faili ndogo zinazomtambua, na anayekaa kiti kile baadaye akifungua anwani ileile anaingia bila kuulizwa chochote. Umeme ukikatika katikati ya kipindi ndiyo balaa zaidi. Ukirudi, kivinjari humuuliza mtumiaji mpya kama arejeshe kurasa zilizokuwa wazi, naye akikubali anakuta mambo ya mwenzake yote mbele yake.

Dawa ni mbili, na zote zinahitajika. Ya kwanza, kila kipindi kianzie kwenye dirisha la mgeni (Guest) la kivinjari. Kwenye Chrome linapatikana kwa kubonyeza alama ya wasifu juu kulia. Ukifunga madirisha yote ya mgeni, historia na vidakuzi vinafutika. Faili zilizopakuliwa hazifutiki. Zinabaki kwenye folda ya vipakuliwa, na wanafunzi hawalijui hilo mpaka waonyeshwe. Ya pili, dakika 5 za mwisho ziwe za kufunga kazi, na mwalimu asizile kwa kumalizia somo. Hifadhi kazi, toka kwenye akaunti, futa vipakuliwa vyako, funga dirisha. Kisha jirani anakagua: anafungua kivinjari, anaandika anwani ya huduma iliyokuwa ikitumika. Ikidai nenosiri, kazi imekwisha. Ikifunguka yenyewe, aliyetangulia anarudi kitini. Ukaguzi wa jirani unafanya kazi kuliko wa mwalimu, maana mwalimu mmoja hawezi kupitia mashine 20 ndani ya dakika hizo.

Kwenye nenosiri, tatizo mara nyingi huanzia kwetu walimu. Tunawafungulia darasa zima akaunti zenye nenosiri moja, jina la shule na 123, ili tusisumbuliwe na waliosahau. Hapo tumeshawafundisha kwamba nenosiri ni mali ya wote. Mpe kila mmoja karatasi aandike maneno manne yasiyohusiana, marefu kiasi cha kupita herufi 16 yakiunganishwa, yasiyotoka kwenye wimbo, aya ya dini wala majina ya nyumbani. Karatasi hiyo aende nayo kwao aihifadhi. Isibaki kwenye dawati, wala asiipige picha akamtumia rafiki. Wanafunzi hupeana manenosiri kama ishara ya kuaminiana, kwa hiyo lisemeni wazi darasani: rafiki wa kweli haombi nenosiri, na kumnyima si kumtukana.

Kuna mtego mwingine hapa. Huduma nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni, namba hiyo inaangukia kwenye simu ya mzazi. Mwalimu anampigia mzazi, mzazi anaisoma, akaunti inafunguka. Angalieni tulichokifanya: tumemzoesha mzazi kumsomea mtu namba ya siri kwa simu, jambo lilelile analoliomba tapeli. Akaunti zinazodai namba hiyo zifunguliwe nyumbani, mzazi na mtoto wakiwa pamoja, au shule itumie akaunti inazozisimamia yenyewe. Kuna na suala la umri. Huduma nyingi kubwa hazipokei aliye chini ya miaka 13, na wapo wanafunzi wa darasa la sita, hata wa kidato cha kwanza, ambao hawajafika hapo. Mwalimu asimwambie mtoto aandike mwaka wa kuzaliwa wa uongo ili somo liende.

Kusoma anwani za tovuti hakuhitaji intaneti. Ubao na chaki vinatosha, na msimu mzuri ni karibu na matokeo ya mitihani, maana hapo ndipo viungo vya uongo husambaa kwenye makundi. Andika ubaoni necta.go.tz/matokeo na chini yake necta.go.tz.angalia-matokeo.com/2025. Waulize ipi ni ya Baraza la Mitihani (NECTA). Watakaosoma kutoka kushoto watasema zote mbili. Sasa waonyeshe: tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, weka kidole hapo, rudi nyuma kuelekea kushoto. Kwenye anwani ya kwanza unakutana na tz, go, necta. Kwenye ya pili unakutana na com, kisha angalia-matokeo; huyo ndiye mwenye nyumba, na maneno necta.go.tz yaliyotangulia ni pambo ambalo yeyote anaweza kulibandika. Majina yanayoishia na .go.tz hutolewa kwa taasisi za serikali tu. Wape anwani kumi hivi wazifanyie kazi wawili wawili. Waelezeni pia kuhusu alama ya kufuli: inaonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, haionyeshi kwamba aliye upande wa pili ni mwaminifu.

Flashi zinazozunguka darasani zinastahili kipindi chake. Dalili inayojulikana ni mwanafunzi kufungua flashi akakuta folda zake zimegeuka njia za mkato (shortcuts), akibonyeza anasambaza kirusi kwenye mashine. Faili zake kwa kawaida hazijapotea, zimefichwa. Asiifute flashi yote (kuiformat) kwa hofu. Iskaniwe kwanza kwa programu ya kuzuia virusi, kisha, ili faili zionekane tena, kwenye dirisha la amri la Windows (Command Prompt) andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yenyewe, ndipo zile njia za mkato zifutwe.

Ujumbe wa kitapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" wanaujua wote. Wasichokijua wengi ni kwamba wanaweza kuripoti kwa kutuma neno UTAPELI kwenda 15040, na kwamba *106# inamwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wapeni kazi ya kwenda kuwaonyesha wazazi.

Picha ni jambo zito, na hapa naomba tusicheze. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu unyanyasaji wa mtandaoni kuwa kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa hata shule inayobandika picha za watoto na majina yao kwenye kundi la wazazi. Picha ya aibu ya mwanafunzi ikisambaa, mwalimu huomba atumiwe "kama ushahidi". Asifanye hivyo. Ikiwa ni picha ya utupu ya mtoto, kuisambaza tena, hata kwa nia njema, kunaweza kuwa kosa, na kunamwumiza mtoto upya. Andika tarehe, saa, jina la kundi na namba iliyotuma, kisha toa taarifa kwa mkuu wa shule na polisi. Simu ya huduma kwa watoto ni 116, haina malipo. Iandikwe ukutani kwa herufi kubwa.

Programu za akili unde (AI) tusizikimbie. Mwanafunzi aliyeitumia kwenye insha aandike mwishoni aliuliza nini, kisha achague hoja tatu alizopewa na azithibitishe kwenye kitabu cha kiada. Zikishindikana kuthibitishwa, zinatoka. Kinachotakiwa kukatazwa kabisa ni kuingiza humo majina ya wenzao, magonjwa yao au matokeo yao.

Na mwanafunzi aliyebofya kiungo kibaya asichapwe. Akichapwa mmoja, wa pili atanyamaza, na ukimya huo unampa tapeli muda wa kufanya atakalo. Ajue hatua zake mapema: achomoe waya wa mtandao au azime Wi-Fi, amwite mwalimu papo hapo, nenosiri libadilishwe kutoka mashine nyingine, kisha kwenye mipangilio ya akaunti waondoe vifaa vyote vilivyoingia. Mashine yenyewe isirudi kwenye mtandao mpaka iskaniwe.